Mlima wa Kijani

Niliwaambia: choreni mandhari.
Darasa la nne, watoto ishirini na sita,
na wote ishirini na sita wakanichorea milima miwili
iliyochongoka kama meno ya msumeno,
jua katikati, nusu limezama,
na mto.
Mto! Hapa Birkat al-Mauz,
ambapo maji ya falaji hugawiwa kwa zamu
na kila mwenye shamba anaijua dakika yake.

Na milima yote kijani.
"Kwa nini kijani, Juhaina?"
"Si ndiyo Jabal Akhdhar, mwalimu? Jina lake kijani."
Nikatazama dirishani. Mlima umekaa pale pale,
rangi ya mkate ulioungua,
hauna habari na jina lake.

Basi nikakifunga kitabu, nikaanza na zamani.

Katika picha nyingi za zamani, nikasema,
ardhi ilikaa nyuma ya watu.
Mfalme amesimama, ameujaza ubao,
na mlima unachungulia begani kwake
kama mtoto aliyekatazwa kuingia barazani
wageni wakiwapo.
Wakacheka. Wanaijua baraza hiyo.

Wachina waliyamaliza hayo mapema.
Walitandaza hariri, wakachora jabali refu,
na mtu wakamfanya sisimizi
anavuka daraja na bakora yake.
Ukungu hawakuupaka rangi:
waliacha hariri tupu, ukungu ukaingia wenyewe.
"Kwa hiyo hawakumaliza?" akauliza Mundhiri.
Waliacha kwa makusudi, nikasema.
Akaandika daftarini: kwa makusudi.

Waajemi waliisimamisha ardhi kama zulia ukutani,
majabali ya zambarau na waridi, wala hawakuona haya.
Uholanzi nchi ni bapa kama sinia,
hawana mlima hata wa kuazima;
wakachora mawingu.
Halafu mtu akaitia rangi katika kijibomba cha bati,
mfano wa dawa ya meno,
na wachoraji wakatoka nje nayo mfukoni,
wakakaa juani kutwa,
wakaona kumbe kivuli si cheusi.

Hapo Wadha akainua mkono.
"Na wetu je? Huu wetu aliuchora nani?"

Nikazipekua akilini dari za ngome:
maua, nyota, mizabibu,
jabali hata moja hakuna.
Nikamkumbuka bibi yangu, aliyekuja kutoka Pemba
na sanduku moja na funguo za nyumba nyingine,
akinisimulia kijani cha mikarafuu
hata mimi, mzaliwa wa mawe haya,
nikawa nakiota.
Nami utotoni niliupaka mlima huu kijani.
Hilo sikumwambia Wadha.

Nikasema: vaeni viatu.

Saa tano mchana. Tumekaa juu ya ukuta uliobomoka,
migomba chini yetu, karatasi magotini.
"Rangi gani?"
"Kahawia."
Tazameni tena.
"Kijivu." "Kama kobe." "Kama kobe mgonjwa."
"Mwalimu, kule mbali ni buluu,
lakini jana tulipopita na gari haikuwepo."
Hiyo hiyo, nikasema. Hiyo watu wameifukuza karne nzima
na hawajaishika.

Yakdhani, asiyesema, alichora matangi ya maji
juu ya mapaa, na nguzo ya umeme.
"Matangi!" wenzake wakaangua kicheko.
Nikaichukua karatasi.
Nyuma ya tangi la tatu
mlima ulikuwa ukichungulia begani.
Mandhari, nikasema. Na nusu saa ya mwalimu mkuu ikawa imekwisha.

Juhaina alinisubiri mlangoni.
Mlima wake safari hii kahawia, mkavu, wa kweli,
isipokuwa kitone kimoja cha kijani kileleni,
kidogo kama kipele.
"Hiyo bustani ya makomamanga ya shangazi," akasema.
"Kutoka hapa haionekani.
Lakini ipo, mwalimu. Mimi nimelala huko."